Sanduku Lisilong'aa

Ikolo, jioni ya kuamkia safari yako

Sekela binti yangu, wewe uliyenuna tangu mchana,

Nakusalimu kwanza, maana hata aliyenuna husalimiwa. Ndaga, mwanangu, ndaga fijo, asante sana kwa miaka yote uliyonishikia upande wa pili wa ubao nikipiga randa. Kesho unavuka mto Songwe kwenda kwa mumeo, na mimi tangu alfajiri nimeshindwa kukaa kitako. Nimewaendea vijana watakaobeba sanduku, nikawaeleza jinsi ya kulishika; wakaniambia nimekwisha kuwaeleza jana. Nimekwenda nikawaeleza tena. Mama yako anasema ukinitazama utadhani mimi ndiye ninayeolewa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Huko uendako wanaojua kusoma wanasoma lugha ya nyumbani, na barua ya bibi harusi ni kitu ambacho kila wifi hutamani kukisikia. Sisi wawili Kiswahili tulikipata karakanani, kwa yule fundi wa pwani aliyekuja na wajenzi wa boma. Basi acha mawifi waigeuzegeuze karatasi hii watakavyo.

Habari za jiko, za kuamka mapema, za kumpokea mgeni, nimewaachia mama yako na shangazi zako. Wamekufundisha mwezi mzima na nikiongeza langu nitaharibu. Mimi nitakuambia habari za lakri, ile tunayong'arishia mbao, na habari za sanduku, kwa sababu ndilo lililotugombanisha leo, na sitaki uvuke mto ukiwa na kinyongo nami.

Najua ulichokiona. Jana uliliona sanduku lako la mvule likiwaka kwa mng'aro. Leo umerudi kutoka ziwani na shangazi zako, ukaenda moja kwa moja kulitazama, ukalikuta limefifia kama ubao uliopigwa msasa tu. Ukaniuliza, "Tata, umelifanya nini sanduku langu?" Nikakujibu, "Nimelitengeneza." Ukasema, "Umeliua." Kisha ukaingia ndani, na nyumba nzima imejaa wanawake wanaoimba, mwanamume hapati hata pembe ya kusimama aseme na binti yake. Ndiyo maana nimekaa hapa kwenye meza ya kazi, kalamu mkononi, na vumbi la mbao linaingia kwenye wino.

Sikiliza kwanza nilivyoanza. Fundi yule alinimiminia kiganjani magamba membamba, mepesi, ya rangi ya asali, nikadhani ni kitu cha kula, nikatia mdomoni. Alicheka mpaka akaketi chini. Akanieleza kwamba huko Bara Hindi kuna wadudu wadogo wanaoganda kwenye vitawi vya miti na kujifunika kwa utomvu wao, na watu huukwangua, huuyeyusha, huutandaza mwembamba na kuuvunjavunja. Nilipomweleza mama yako, alisema, "Kwa hiyo unapaka mate ya wadudu kwenye meza za watu, na wao wanakushukuru?" Nikamwambia ndiyo, na wanaomba tena.

Lakini siku ile! Fundi alitia magamba kwenye chupa ya spiriti, akayaacha yalale humo mpaka yakayeyuka. Akafunga pamba ndani ya kitambaa, akachovya, akadondosha tone la mafuta, akaanza kuzungusha mkono juu ya ubao mkavu wa mvule. Nilikuwa nimeipasua mvule mingi maishani mwangu, nikadhani naijua. Sekela, sikuwa naijua hata kidogo! Mistari yote iliyokuwa imejificha ikatokea, ya dhahabu na ya kahawia, na kila fundi alipopita jicho lilizidi kuzama ndani ya ubao. Niliomba kitambaa kile nikajaribu mwenyewe, nikasimamisha mkono katikati ili nitazame vizuri, kikang'ang'ania pale pale na kuacha kovu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika lakri, kusimama ili nijitazame.

Tangu hapo nilitaka kila kitu king'ae. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilipaka mpini wa jembe, nikapaka kigoda, nikapaka fimbo ya babu yako hata akawa haishiki kwa kuteleza. Kisha nikaviona vyungu vya mama yako. Unajua kwao ni ufukweni, Mkisi wa damu, mfinyanzi, chungu kwake ni heshima. Alikuwa amevipanga tayari kuingia mtumbwini kwenda kubadilisha na mahindi. Alipokwenda kuoga nikavipaka vyote. Aliporudi alivizunguka, akasema, "Vinapendeza." Wanawake wa kule chini waligombaniana vyungu hivyo.

Hawakukawia kurudi navyo. Lakri haiwezani na moto. Ilikuwa imetokota, ikafanya malengelenge, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na maharage ya watu yakanuka karakana. Mama yako alirudishiwa vyungu mbele ya ndugu zake, ufinyanzi wa mama yake na bibi yake ukachekwa ufukweni kwa sababu ya mumewe. Alipofika nyumbani hakupiga kelele. Aliniambia, "Gwe, moto ni wangu, mbao ni zako. Usinisaidie tena bila kuniuliza." Nilivikwangua kimoja kimoja, na sijasahau maneno yake. Nawe usiweke chungu cha moto juu ya sanduku. Ukikiweka, patabaki duara jeupe, na kila mgeni atajua ulikuwa na haraka.

Ukitaka kucheka zaidi, muulize shangazi yako mkubwa habari ya mabenchi ya kanisa. Niliyapaka lakri iliyokaa chupani muda mrefu, kwa kuona uchungu kuimwaga. Lakri iliyochacha haikauki, inabaki kunata, nami nilidhani jua la Jumamosi litaikomesha. Jumapili mzee wa kanisa aliposimama kuomba, benchi likasimama naye. Watu waliomba huku wamefumba macho kwa nguvu ili wasicheke. Kwa hiyo yeyusha kidogo, tumia, na inayobaki ikizeeka imwage bila huruma.

Na mvua. Mvua ya kwetu haiulizi msimu, na huko ng'ambo ni ileile. Lakri ukiipaka hewa ikiwa na maji, inashika weupe kama ukungu. Wewe mwenyewe uliniona nikigombana na ukungu ule juu ya meza ya mwalimu, nikisugua na kutukana, hata ukasema, "Tata, si tungoje jua?" Ulikuwa mdogo, na ulikuwa na haki. Jua lilipotoka, tulipitisha kitambaa chenye spiriti kidogo tu, ukungu ukaondoka. Tangu siku hiyo nilijua mkono wangu umepata mrithi, nikaacha kumwonea wivu jirani mwenye wana wa kiume wengi.

Sasa nakuja kwenye kabati. Hili hukuwahi kuambiwa lote, maana lilipotokea ulikuwa shule ya bweni misheni, na uliporudi kila mtu alikuwa amechoka kulizungumza.

Bwana mmoja wa boma alitaka kabati la nguo. Nilitengeneza milango yake kwa mbao pana zisizo na kifundo, nikaipaka nyembamba juu ya nyembamba, kiangazi kizima. Ilipokamilika niliisimamisha chini ya ukingo wa paa, pale njia inapopita kwenda kwa mama yako, nikawa naimalizia huku nimeipa njia mgongo. Mke wa kaka yako Ambokile alikuja kuchukua moto kwa mama mkwe wake. Unajua adabu yetu: mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anapiga kona, anainama kwenye migomba mpaka apite. Sisi tumebatizwa na tunasali, lakini heshima hiyo hatujaitupa. Mtoto wa watu alichungulia, akaona mgongo wangu, akajua njia ni salama. Akapita.

Alipokuwa nyuma yangu, kitu kilichong'aa kikamvuta jicho. Akageuka. Na mimi nilikuwa nauangalia ubao kama kawaida yangu, nikiusifu moyoni. Humo ndani ya mlango wa kabati, mwanangu, macho yake na macho yangu yakakutana. Mgongo niliompa haukufaa kitu. Alipiga ukelele, kigae cha moto kikaanguka, akakimbilia migombani, na kabla ya jua kutua alikuwa kwao.

Alikuwa na mimba. Unajua watu wanavyosema kuhusu mkamwana aliyetazamana na mkwewe katika hali hiyo, kwamba mtoto atadhurika. Wazee wakakaa, wakasemezana, mambo ya kutakasa yakafanywa, lakini yeye hakurudi. Alikaa kwao mvua zote. Hakuwa ananikasirikia, alikuwa anaogopa, na hofu haifutwi kwa maneno ya wazee. Ambokile alikula peke yake nyumbani mwake, akipita hapa bila kusimama. Siku moja nilimwita nikamwambia ilikuwa bahati mbaya. Akanijibu, "Tata, ungeweza kugeuza kabati. Ulilielekeza njiani ili wapitao waone." Na ni kweli. Lilikuwa limeelekezwa njiani ili wapitao waone.

Mtoto alizaliwa salama, yule yule mtundu anayekuvuta kitambaa sasa hivi, na mama yake akarudi. Siku aliporudi nilijificha karakanani nikalia kwa furaha, na sikuona haya. Lakini mpaka leo nikisikia hatua zake uani nafunika kazi yangu kwa gunia.

Ungedhani mtu kama huyo amejifunza. Basi sikiliza. Ulipochumbiwa nilichagua mvule ule niliouficha darini, uliokauka miaka mingi ukiningoja. Nilikata, nikaunga, nikasugua kwa majani ya msasa mpaka mkono ukapita kama juu ya maziwa mgando. Kisha lakri, asubuhi za jua tu, tone la mafuta, duara kwa duara, bila kusimama kujitazama. Sijawahi kufanya kazi kama ile, na sidhani nitafanya tena. Kila shangazi aliyefika alipiga kigelegele. Niliwaza jinsi watu wa ng'ambo watakavyotoka nje kutazama sanduku likipanda kutoka mtoni, wakiulizana, "Huyu ni binti wa nani?" Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha!

Jana jioni mama yako aliingia na kuinama juu ya kifuniko. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mbali, karibu na mlango. Akasema, "Naona meno yako yaliyobaki." Tukacheka wote wawili. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Kule aendako Sekela milango ya nyumba inatazamana, sivyo? Na baba mkwe wake bado anatembea uani?"

Nilielewa mara moja, ndiyo maana nilifoka. Nilimwambia atoke. Nikamwambia wafinyanzi wasifundishe maseremala. Nikasema utalifunika kwa kanga, nikasema utaligeuzia ukutani, nikasema watu wa siku hizi hawajali. Yeye aliningoja nimalize, akasema, "Mke wa Ambokile alikuwa na kwao karibu pa kukimbilia. Sekela ana mto katikati." Akatoka.

Sikulala vizuri. Asubuhi, ulipokwenda ziwani, nilichoma makapi ya mpunga, nikachekecha majivu kwa kitambaa mpaka yakawa laini kuliko unga, nikayachanganya na mafuta. Nikaanza kusugua pembeni, pole pole, kwa kufuata mistari ya mti. Mng'aro uliondoka kidogo kidogo. Kwanza mlango ulipotea kutoka kwenye kifuniko, kisha dirisha, kisha uso wangu. Machozi yalinitoka, sisemi uongo, na nilikuwa na hasira na mama yako, na desturi, na wazee wote waliotutangulia. Lakini nilipofika upande wa mwisho hasira ilikuwa imekwisha. Nikapitisha kiganja: ni laini vile vile. Nikautazama ubao: mistari yote ipo, dhahabu yake ipo, ila sasa unabaki na mambo yake wenyewe na haumwonyeshi mtu aliye nyuma. Nikaona ni kazi nzuri. Pengine ni nzuri kuliko ya jana, lakini usimwambie mama yako nimesema hivyo.

Umesema nimeliua. Hapana, mwanangu. Lakri haifi kwa majivu. Imekwaruzwa juu tu, mikwaruzo ambayo jicho haliioni. Pembeni mwa nguo zako nimetia kopo lenye magamba na chupa ya spiriti iliyofungwa vizuri. Siku desturi itakapokuruhusu, au siku utakapoamua wewe na mumeo kwamba nyumbani mwenu mambo ni mengine, funga pamba kwenye kitambaa kama nilivyokufundisha na uipitishe mara chache. Lakri mpya huyeyusha ile ya zamani kidogo na kushikana nayo, zikawa kitu kimoja, ndicho ninachoipendea. Mng'aro utarudi wote. Sikuamulii ni lini. Nilimwamulia mama yako habari za vyungu, nikawaamulia wapita njia habari za kabati, na yatosha.

Utapata michubuko. Maji ya mtoni yakilirukia kesho usilisugue, liache likauke lenyewe. Mgeni akimwagia pombe kali, futa upesi, maana lakri na kileo ni ndugu na hukimbiliana. Palipoharibika patengeneze pale pale, kidogo, nyembamba juu ya nyembamba, usikwangue sanduku zima kwa sababu ya doa moja. Usidhani nazungumzia ndoa. Nazungumzia lakri. Ya ndoa muulize mama yako, yeye ndiye aliyevumilia.

Sekela, nina furaha mpaka naogopa. Mumeo nampenda. Nimempima kwa jicho la seremala na sijaona ufa. Amesema utakuwa na chumba chako cha kufanyia kazi, na mbele ya shangazi zako wote nilijifanya sikusikia, maana ningeruka. Binti yangu, na karakana yake, ng'ambo ya Songwe! Ukipata ubao mbaya usiutumie kwa sababu tu umekwisha kuununua. Na ukiwa na kazi inayokupendeza sana, ielekeze ndani kabla ya kuielekeza njiani.

Barua hii naiweka juu ya nguo zako, sandukuni. Mama yako nimemwomba akuambie jambo moja ambalo ameona ni upuuzi wangu mwingine: kwamba ulifungue mara ya kwanza ukiwa peke yako, mlango umefungwa, na mgongo wako umeuegemeza ukutani, pasiwe na mtu wa kupita nyuma yako. Kama umemtii, basi hivi sasa umekaa hivyo, kifuniko kimesimama wazi mbele yako, na wewe umeinamia karatasi hii bila kukitazama.

Majivu niliyapitisha nje tu. Upande wa ndani wa kifuniko nimeuacha ulivyokuwa jana, tena nimeupaka mara moja zaidi mchana huu, wakati wewe umenuna.

Inua macho, mwanangu. Huyo unayemwona humo ndiye niliyekuwa nafanya kazi kwa ajili yake miaka yote. Mtazame vizuri, halafu mwambie aache kununa.

Baba yako